Farasi na Mtu Wake katika Gogo Moja

Mie nimeamua ugomvi mwingi. Pale karakana kwangu Manzese mafundi wamegombea msumeno, wamegombea wateja, wamegombea kivuli cha kuanikia mbao, wawili waliwahi kugombea mwanamke ambaye hakuwa na habari na yeyote kati yao. Wote waliletwa kwangu. Nilisikiliza huku, nikasikiliza kule, nikasema neno, likakaa. Shule niliiachia darasa la tatu, na nikiandika kama hivi mjukuu wa jirani ananisahihishia, lakini kusema neno likakaa hakuna aliyenifundisha na hakuna wa kunisahihisha. Sioni sababu ya kujifanya mnyonge.

Kwa hiyo mtu ajue ninaposema kwamba farasi wa kuchonga, wa ukubwa wa kiganja, alinifunga mdomo barazani kwangu Kibamba, kwenye nyumba niliyoijenga mwenyewe tofali kwa tofali, sisemi kwa kufurahisha watu. Hata leo nikikumbuka najisikia vibaya.

Mke wangu alipofariki, mwanangu wa kiume aliacha kuingia ndani. Hatukugombana. Anakaa Mtoni, ni karani kwenye kampuni ya kusafirisha mizigo, ana pikipiki yake. Matanga yalipoanuliwa akarudi kwake, na tangu hapo akija kuniona anaishia getini, injini haizimi. "Shikamoo mzee, waendeleaje? Haya, nawahi." Siku moja nikamwuliza bila kuzunguka, kwa nini huingii kwenu? Akaangalia taa ya pikipiki. Akasema, "Baba, nikiingia humo masikio yanabaki yanamsubiri mama aniite." Nikamwambia aendeshe taratibu.

Binti yangu, mdogo wake, ndiye aliyehamia kwangu na mumewe ili nisibaki na kuta. Na ndiye aliyeleta mchezo. Aliujua chuoni. Siku moja akampigia kaka yake simu mbele yangu: "Kaka, njoo Jumamosi, tunahitaji mtu wa tatu. Wawili hauchezeki." Nilijua anachofanya. Alinikonyeza wakati simu bado iko sikioni.

Mchezo wenyewe si bao, si drafti, si karata. Hakuna anayemfunga mwenzake. Mmoja anasimulia hadithi, na huyo ndiye binti yangu, na wengine kila mmoja ana mtu wake ndani ya hadithi, anamsemea na kumwamulia: apigane, akimbie, apatane na adui. Mambo yakiwa magumu wanarusha dadu. Na zile dadu si zetu za pande sita. Moja ina pande nyingi mpaka inataka kuwa mpira. Sheria zimo kwenye kitabu cha Kiingereza alichokwenda kukichapisha dukani wanakotoa fotokopi, kimefungwa kwa springi. Mie kitabu kile nakijua uzito wake tu. Kizito.

Mara ya kwanza nilikaa pembeni nikidharau. Watu wazima, mmoja mwalimu, mmoja karani, mmoja muuguzi, wanabishana kama zimwi linajua kuogelea au halijui. Lakini pikipiki ilikuwa ndani ya geti, imezimwa. Nikajua hapa kuna kitu, nikanyamaza.

Walikuwa wanatumia vizibo vya soda kuwa watu. Hilo sikuvumilia. Mtu akija nyumbani kwa mchonga vinyago akakuta watoto wake wanachezea vizibo, atasema nini? Nikawapigia ubao, nikauchora vyumba vyumba kwa penseli ya karakana, halafu nikaanza kuwachongea watu wao.

Sisi kule kusini tulikotoka kinyago hakiungwi. Unachonga ukoo mzima katika gogo moja, babu chini, watoto juu yake, wajukuu juu ya watoto, wanashikana miguu na mabega, na huoni tone la gundi. Kuunga ni kazi ya kitanda. Basi mwanangu aliposema mtu wake ni mpanda farasi, nilimtolea mtu na farasi katika kipande kimoja cha mpingo, mapaja ya mtu yamezama kwenye mbavu za farasi, huwezi kusema hapa ndipo anapoishia huyu. Farasi nilikuwa sijamkaribia maishani. Nimewaona wa polisi kwenye televisheni siku za sherehe. Pale nisipokumbuka nilijazia punda.

Mwanangu alipomshika aliangalia masikio. "Mzee, huyu si farasi, huyu punda kilongwe!" Alicheka mpaka akashika ukuta. Sauti yake ikafika jikoni, ikafika chumbani, kote ambako alikuwa haingii. Halafu akasema taratibu, "Huyu simbadilishi."

Basi Jumamosi zikawa Jumamosi. Anafika adhuhuri, anaingia jikoni kufunua sufuria, anamkejeli dada yake chumvi. Anaondoka jua likishuka. Sikuwa mjinga: nilijua mchezo ule ndio kamba pekee iliyomvuta, na ukifa, mwanangu anarudi kuishia getini. Nikiwasikia wanarusha dadu, mie nilikuwa nasikiliza kama mchezo bado mzima.

Sasa nieleze siku ya lango.

Walikuwa wamefika kwenye mji fulani wa kwenye hadithi, langoni kuna mlinzi ana rungu la chuma. Mtu wa mwanangu alikuwa ameshapigwa sana huko nyuma, uhai wake umebaki kidogo, pigo moja zito linammaliza. Akaamua asisimame. Akamwendea mlinzi kwa kasi, akamchoma mkuki, na farasi akaendelea mbele.

"Nimepita," mwanangu akasema, akamsogeza farasi upande wa pili wa lango.

"Subiri kidogo, shemeji." Huyo ni mkwe wangu. Ni mwalimu wa hesabu, mtu wa Kagera, mpole, hasemi kwa sauti hata akikanyaga moto. "Ukiondoka mbele ya adui aliyesimama, adui anapata pigo la bure. Wiki iliyopita si mlinipiga mie hivyo hivyo?"

"Wewe uliondoka kwa miguu yako. Mie sijaondoka. Mie nimekaa."

"Umekaa?"

"Nimekaa juu ya farasi. Anayetembea ni farasi. Dada, soma. Anayebebwa hapigwi."

Binti akafunua kitabu. Akasoma kimya, akafunua mbele, akarudi nyuma. "Hapa kinasema anayebebwa hapigwi," akasema. "Na huku kinasema farasi na aliyempanda wanahesabiwa wanakwenda pamoja."

"Sasa kipi?"

"Vyote viwili, kaka. Kimeandika vyote viwili."

Mkwe akacheka kidogo. "Shemeji, ukipanda boda kutoka Mbezi mpaka hapa, umetembea au umekaa?"

"Nimekaa."

"Sasa umefikaje?"

"Nimebebwa!"

"Haya. Boda akipita taa nyekundu?"

"Anakamatwa boda. Mie nashuka natafuta boda mwingine, na nauli simpi."

Hapo tulicheka wote, na mie nikacheka, nikadhani imekwisha. Mkwe akasema, "Na lori likiigonga ile boda, litauliza kwanza nani alikuwa amekaa?"

Mwanangu hakucheka tena.

"Mwalimu, wewe unataka tu afe."

"Sitaki afe. Nataka sheria iwe moja kwetu sote."

"Kwani siku hizi humu ndani sheria anatoa nani?"

Baraza likawa dogo. Binti aliweka kitabu chini. Hapo ugomvi haukuwa wa farasi tena, na mie niliona, sikuhitaji darasa la nne kuona. Mkwe wangu ndiye anayelala kwenye nyumba ile. Ndiye anayefunga geti, ndiye anayejua ufunguo wa stoo uko wapi. Na ndiye aliyembeba marehemu mke wangu mgongoni mpaka barabarani siku gari lilipokwama kwenye tope, mwanangu akiwa kazini Mtoni. Hajawahi kulitaja hilo. Na mwanangu hajawahi kulisahau.

Mkwe, kwa kutaka kutuliza, akafanya kosa. Alimwinua yule farasi kwa vidole viwili, kwa heshima, akanigeukia. "Tumwulize aliyemchonga. Baba, samahani. Huyu ni mmoja au ni wawili?"

Wote watatu wakaniangalia.

Lazima nieleze hapa, maana vijana wa siku hizi hawajui. Kwetu mkwe hasemeshwi ovyo. Baba yangu hakuwahi kula sahani moja na mume wa dada yangu mpaka anakufa. Mie nimemkaripia kila mtu katika mji huu: mafundi, wateja, mjumbe wa mtaa, mwanangu nimemkaripia tangu akiwa na meno ya utoto. Mkwe wangu sijawahi hata kumwambia mlango upo wazi. Ningesema ni wawili, ningekuwa nimemwangusha mbele ya mke wake na shemeji yake, na asingenijibu, angesema tu "Sawa baba", na moyoni angeanza kutafuta nyumba ya kupanga. Ningesema ni mmoja, ningekuwa nimemwua mtu wa mwanangu kwa mdomo wangu, kwenye nyumba ambayo ndiyo kwanza ameanza kuingia tena. Na ukweli ulikuwa kwenye vidole vya mkwe, kila mtu anauona: mpingo mmoja, hauna pa kuingiza wembe.

"Rudieni," nikasema. "Aanze upya, kabla ya lango."

"Baba, kwenye mchezo huu haturudi nyuma," binti akasema.

"Na siyo jibu, mzee," mwanangu akasema. "Umeulizwa swali."

Nilikohoa, mie mtu mzima, kikohozi cha uongo.

Mkwe akaona aibu yangu, na akataka kunifunika. Akamrudisha farasi upande wa pili wa lango, akasema, "Basi yaishe. Mie nimesamehe. Apite."

Laiti angenyamaza.

"Nisamehewe?" Mwanangu alisimama. "Nisamehewe kwetu?"

"Kaka, kaa chini. Kaka!"

Alimchukua farasi kule alikowekwa, akamrudisha katikati ya lango, pale pale penye mgogoro, akamwacha. Pikipiki ikawaka. Mie nilibaki nimeshika kikombe, na mkwe ameshika kichwa, akisema, "Nilikuwa nasaidia. Baba, nilikuwa nasaidia." Nikatikisa kichwa kwamba najua. Hata hapo sikuweza kumwambia kitu kirefu kuliko hicho.

Wiki ile kazini sikuwa mtu. Wakati wa chai niliwaelezea mafundi, nikijidai ni habari za watu wengine. Hapo ndipo nilipojua kwamba ugomvi ule una sumu. Wa kupiga randa akasema, kama farasi ni wake, basi ndiyo miguu yake, apigwe. Wa kupaka vanishi akasema mtu ametobolewa tumbo na mkuki, rungu anainuaje, huyo mlinzi si binadamu? Wakapandishana sauti. Wakaniangalia niamue. Nikawaambia warudi kazini.

Halafu nikafanya nilichofanya. Nilisema, kama maneno yangu hayawezi kutoka, mikono yangu inaweza. Siku ile mwanangu alipoondoka nilikuwa nimemchukua yule farasi pale langoni nikaenda naye Manzese mfukoni. Nilifikiria kumchonga mwingine, wawili mbalimbali, nikakataa: alishasema huyu hambadilishi. Basi nikamfunga kwenye jiliwa, nikachukua msumeno mwembamba kabisa, nikaanza kumtoa mtu juu ya farasi, ili wawe wawili kama mwanangu alivyosema. Nilikwenda taratibu kama mpasuaji wa hospitali. Paja la kulia lilitoka zima. La kushoto, mpingo ukafuata ufa wake wenyewe, tak, na mguu ukabaki ubavuni mwa farasi. Nimechonga tangu sina ndevu. Nilijua kabla sijakata kwamba kitu kilichozaliwa kimoja hakikatiki hivyo. Nilikata hata hivyo, kwa sababu kukaa na mikono mitupu kulinishinda zaidi.

Nikapiga msasa. Nikawaweka ubaoni tena Jumamosi asubuhi, langoni, farasi peke yake, na mtu mwenye mguu mmoja kakalishwa juu yake.

Adhuhuri pikipiki ikasikika. Ikaingia ndani. Ikazimwa. Binti alitoka jikoni mbio na mwiko mkononi, akanishika bega. Nami moyo wangu ukapanda.

Mwanangu aliingia, akaniamkia, akamwambia shemeji yake "Mambo, Mwalimu," na mkwe akajibu "Poa, shemeji," na wote walisema vizuri kabisa, kama watu wanaopishana kwenye mlango mwembamba wamebeba vyombo. Alikaa. Akanyoosha mkono kumshika farasi wake. Akainuka mtu peke yake.

Alimgeuza. Akauona ule mguu kwa farasi.

"Umemkata."

"Nimewatenganisha. Sasa ni wawili, kama ulivyosema."

"Nilisema kwenye mchezo, baba. Sikusema umpige msumeno."

"Nilitaka uwe na haki yako."

"Mie nilitaka useme neno. Siku ile. Basi."

"Neno gani?"

"Lolote! Hata la kunikataa. Wewe unayempigia kelele mpaka mjumbe. Umeulizwa mbele yangu, ukakohoa."

Mkwe alikuwa ameinamia kitabu, hasomi. Kama angeondoka dakika ile kwenda kuchota maji ningesema. Hakuondoka. Angeondokaje, naye alikuwa anaogopa kuonekana anakimbia? Nikatafuta neno ambalo lingemfikia mwanangu bila kumgusa yule wa pembeni yake, na sikulipata. Kichwa kizima kilikuwa cheupe kama ukuta uliopakwa chokaa juzi.

Binti, maskini, akajaribu kuokoa siku. "Tucheze," akasema. "Kaka, tucheze tu. Mlinzi anapiga, tuone dadu inasemaje. Mwalimu, rusha."

"Mie sirushi," mkwe akasema.

"Basi mie—"

"Wewe pia usirushe," mwanangu akasema. "Arushe mzee."

Wakaniwekea mkononi ile dadu yenye pande nyingi. Nyepesi, haina hata uzito wa punje ya mahindi. Nilirusha. Ilizunguka, ikagonga lango, ikasimama mbele ya farasi. Ilionyesha kumi na mbili. Nikawaangalia nyuso, maana namba nazijua lakini kumi na mbili ni kheri au ni shari sikujua. Nyuso hazikuniambia kitu.

"Ndiyo nzuri?" nikauliza. "Au mbaya?"

Binti alikunja ukurasa, akaukunjua. "Inategemea, baba. Kama anayepigwa ni mtu, ana deraya, lile vazi la chuma, kumi na mbili haimpati. Kama anayepigwa ni farasi, inampata, anakufa, na mtu anaanguka chini katikati ya maadui." Akaweka kidole kwenye ukurasa. "Kwa hiyo bado inabidi tujue anayepigwa ni nani."

Mkwe alifungua mdomo, akaufunga. Nadhani alikuwa ameshaiona hiyo tangu alipowakuta asubuhi wametengana, maana kichwa chake ni cha hesabu, na alinyamaza kwa heshima yangu. Walipokuwa kitu kimoja, deraya ingewakinga wote wawili, na kumi na mbili ingempitisha mwanangu salama.

Mwanangu alimrudisha mtu juu ya farasi. Mtu akalala upande. Akamsimamisha tena, akaanguka tena, kwa sababu ya ule mguu. Akamwacha amelala.

"Mie naomba niende," akasema. "Kuna mzigo nausubiri ofisini."

Jumamosi mchana, ofisi ipi? Nilimsindikiza mpaka getini. Nilishika usukani wa pikipiki kama mtu anayezuia ng'ombe. Nikasema, "Na Jumamosi?"

"Tutaona, mzee."

"Njoo hata usicheze. Njoo ule."

"Tutaona." Akawasha. "Uwasalimie."

"Wako hapo ndani. Umewaaga sasa hivi."

"Basi uwasalimie tena," akasema, na nilipoachia usukani akaondoka.

Niliporudi barazani chakula kilikuwa tayari, wali na samaki, kingi, kimepikwa cha watu wanne. Meza ni ile ile moja na ubao ulikuwa juu yake. Mkwe alisimama, mikono nyuma. "Baba, niuondoe?"

Kuuondoa ni kusema mchezo umekwisha. Kuuacha ni kusema nini, sijui. Alikuwa ananisubiri, na binti ananisubiri na bakuli la mchuzi linamchoma vidole. Nilikaa. Binti akasubiri kidogo tena, halafu akaweka bakuli sakafuni, akatupakulia, na tukala sahani tumezipakata, ubao ukiwa bado mezani.